Usiku Tunashona, Mchana Tunafumua

Kwa fundi cherehani, Januari huanza Novemba. Wazazi wenye mipango huleta vitambaa mapema, wengine husubiri Krismasi ipite, na wengi zaidi huja wiki ile ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa, mkono mmoja wamemshika mtoto, mkono wa pili mfuko wa kitambaa. Tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, watoto wanaoandikishwa shule waliongezeka, na kwetu mafundi kila mtoto ni shati jeupe na sketi ya bluu yenye marinda, au kaptula. Nashona sare hapa Morogoro tangu nikiwa msichana wa kujifunza, kwanza kwenye ofisi ya watu, sasa kwenye ofisi yangu ndogo, si mbali na Soko Kuu la Chifu Kingalu. Miaka yote hiyo, kilichoniumiza kichwa kuliko bei ya uzi na kodi ya pango ni suala la saa: tushone mpaka saa ngapi, tulale saa ngapi, na kwa nini anayekesha hamalizi kazi mapema kuliko anayelala.

Ofisi niliyojifunzia ilikuwa ya tajiri mkarimu, mtu wa kula sahani moja na mafundi wake. Kukesha ndiyo ilikuwa desturi ya kazi, yeye mwenyewe aliikuta. Tulifungua saa moja asubuhi, msimu ukifika tulifunga saa sita usiku, na siku nyingine tulilala palepale, tumetandika khanga juu ya marobota ya vitambaa. Malipo yalikuwa kwa kipande: umeshona shati, unalipwa shati; hujashona, huna kitu. Kwa hiyo kila mmoja alijisukuma mwenyewe, tajiri hakuhitaji kumsimamia mtu. Aliyekesha alisifiwa asubuhi mbele ya wenzake. Aliyeomba ruhusa ya kwenda nyumbani saa mbili usiku alionekana hana hamu ya maendeleo.

Nieleze sketi ya marinda, maana ndiyo iliyonifungua macho. Kitambaa cha bluu nzito unakipima, unagawa marinda kwa chaki, kila rinda upana sawa na mwenzake, unakunja, unabana kwa pini, unapiga pasi, kisha unashona mkanda wa kiunoni juu yake. Rinda la kwanza likizidi robo inchi, la pili linasogea, la tatu linasogea zaidi, na ukifika mwisho unakuta mshono wa ubavuni umekuja mbele tumboni. Mchana kosa hilo utaliona ukiwa kwenye rinda la pili au la tatu. Usiku, kitambaa cha bluu, uzi wa bluu, taa moja juu ya vichwa vya watu wengi, utaliona asubuhi, sketi imeshawekwa mkanda na zipu. Kuifumua kunataka wembe na subira. Unakata uzi kidogo kidogo, unavuta, unapangusa vijinyuzi, unarudia pasi ili kufuta mikunjo ya zamani, ambayo kwenye kitambaa chenye polista haifutiki kirahisi. Wembe ukiteleza umekata kitambaa cha mtu, na kingine utanunua wewe. Kuishona sketi ile ilikuwa kazi moja. Kuifumua na kuishona upya ni kazi mbili nyingine, na malipo yanabaki ya sketi moja.

Nilipopandishwa kuwa mkataji, tajiri alinikabidhi na daftari la oda. Kwenye ukuta wetu, kama kwenye maduka mengi, palibandikwa karatasi yenye maneno "Mali bila daftari hupotea bila habari." Nikaanza kuandika pembeni ya kila oda nguo iliyofumuliwa, sababu yake, na muda iliposhonwa. Kola imegeuzwa. Mkono wa kulia umeshonewa kushoto. Shati la mvulana limewekwa vifungo upande wa kike. Vipimo vya mtoto mmoja vimesomwa kwa mwenzake. Nyingi zilikuwa zimeshonwa kuanzia saa tatu usiku kwenda mbele. Hilo nililitegemea. Ambalo sikulitegemea ni kwamba hata nguo zilizoshonwa asubuhi baada ya usiku wa kukesha zilikuwa zinarudi. Na kibaya zaidi, zile saa za kwanza za siku, ambazo fundi macho yake ni mapya na mkono mwepesi, tulizitumia kufumua kazi ya jana. Mpaka saa nne asubuhi tulikuwa tumeshachelewa, tukilipia uchelewaji huo kwa kukesha tena.

Msimu mmoja mwenzetu alijidunga sindano ya cherehani kidoleni, ikapita kwenye ukucha na kuvunjikia ndani. Ilikuwa inakaribia saa sita usiku. Hakushona tena mpaka msimu ukaisha, na kwa malipo ya kipande hiyo ina maana hakulipwa. Baadaye nilisoma kwamba watafiti walishapima jambo hili: mtu akikaa macho saa 17 hadi 19 mfululizo, wepesi wake wa kuitikia jambo hushuka mpaka kulingana na wa mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Fundi aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kuandaa watoto anafikia hapo saa nne usiku. Hakuna tajiri ninayemfahamu angemkalisha mlevi kwenye cherehani ya umeme, lakini wote tuliona sawa kumkalisha aliyechoka.

Mdogo wangu alipokuwa akisoma Chuo Kikuu Mzumbe nilimwonyesha daftari langu. Akaniambia, "Dada, haya mambo Waingereza waliyahesabu zamani sana." Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, viwanda vyao vya risasi na makombora vilijaa wanawake waliofanya kazi saa nyingi mno, wengine hata Jumapili, kwa kuwa vita ilitaka silaha. Mwaka 1915 serikali iliunda kamati ya kuchunguza afya ya wafanyakazi hao, na takwimu zilizokusanywa zikahifadhiwa. Mwaka 2014 mchumi wa Chuo Kikuu cha Stanford, John Pencavel, alizipitia upya. Mpaka karibu saa 49 kwa wiki, ukiongeza saa, mazao yanaongezeka kwa kiasi kilekile. Ukipita hapo, kila saa unayoongeza inaleta kidogo kuliko iliyotangulia. Waliofanya saa 70 walitoa karibu sawa na waliofanya saa 56. Nilikaa na hesabu hiyo muda mrefu, kwa sababu kazi yao ilifanana na yetu, mikono na mashine, kipande baada ya kipande, na sisi msimu ukichanganya tulipita saa 90.

Sheria yetu nayo ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku, kwa siku zisizozidi 6. Mfanyakazi akifanya kazi saa 5 mfululizo anastahili mapumziko yasiyopungua dakika 60. Kati ya kumaliza kazi leo na kuanza kesho zipite saa 12 mfululizo, na kila wiki awe na saa 24 za kupumzika. Saa za ziada zisizidi 50 ndani ya wiki nne, zilipwe mara moja na nusu. Nilipozisoma mara ya kwanza niliona zimeandikwa kwa ajili ya watu wa viyoyozi. Nikazisoma tena daftari likiwa mkononi, nikaona aliyeziandika kama vile aliwahi kukaa na sisi.

Nilipofungua ofisi yangu nikapanga hivi: Jumatatu mpaka Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, saa moja ya chakula katikati; Jumamosi mpaka saa saba mchana; Jumapili tumefunga. Ukijumlisha ni saa 45. Wanaoswali Ijumaa wanaondoka mapema kwenda msikitini na wanarudi bila kuharakishwa.

Mafundi wenyewe ndio waliopinga, na walikuwa na haki. Mama mmoja, mkubwa kwangu kwa umri, aliniita pembeni. "Mwanangu, hayo mambo ya saa kumi na moja ni mazuri," akasema, "ila tumbo halisomi saa. Mimi kwa kipande ndiyo nasomesha." Sikuwa na jibu la maneno. Nilimwomba anipe muda, tuandike wote wawili anachotoa kwa wiki, nguo zilizopokelewa na mteja tu, zilizofumuliwa tusizihesabu. Mwanzoni alitoa pungufu, na tofauti ile nikaifidia mwenyewe kutoka mfukoni, kwa sababu haikuwa haki mpango wangu ujaribiwe kwa ugali wa watoto wake. Kisha hesabu ikapanda. Ilipofika alipokuwa zamani haikushuka tena, na msimu wa sare uliofuata ikazidi. Yeye ana presha, na siku moja nilimsomea taarifa ya mwaka 2021 ya Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani, kwamba wanaofanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki wako kwenye hatari ya kiharusi asilimia 35 zaidi ya wale wa saa 35 hadi 40, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo asilimia 17 zaidi. Akasema, "Sasa hiyo ungeanza nayo."

Lakini yote hayo yasingewezekana bila jambo moja, na hapa ndipo naona wengi wanaozungumzia mapumziko wanapaacha. Huwezi kufunga mlango saa kumi na moja kama ulishapokea kazi ya mpaka saa sita usiku. Mapumziko ya Januari yanaamuliwa Novemba na Desemba, siku unapoandika jina la mteja kwenye daftari. Anayepokea kila kitambaa kinachoingia mlangoni ameshauza usingizi wa mafundi wake kabla hawajakaa kwenye viti, na baada ya hapo kuwashauri walale vizuri ni kuwasumbua tu.

Kwa hiyo nilibadilisha namna ya kupokea oda. Kila fundi najua anatoa nini kwa siku kwa mwendo wake wa kawaida, na mwendo wa siku ile aliyokuwa na moto siuhesabu. Ninajumlisha, ninapata uwezo wa wiki, halafu siku moja ya wiki naiacha tupu kwenye daftari. Siku hiyo haijawahi kukaa bure: mtoto wa fundi ataumwa, kutakuwa na msiba mtaani, mashine itakata mkanda, mteja atarudi na mtoto aliyenenepa. Daftari likijaa, limejaa. Wateja wa Kitanzania tumewazoesha "njoo kesho", na wao wametuzoea hivyo hata wanadanganya tarehe, sherehe ya Jumamosi anakwambia Alhamisi. Mimi siku hizi mteja namwambia tarehe ambayo nguo itakuwa imepigwa pasi na kukunjwa, na akija anaikuta.

Kukataa kazi ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Mama anasimama mlangoni Januari, mtoto kavaa nguo za nyumbani, anasema, "Fundi, hata moja tu. Ataendaje shule?" Kila mwaka hilo linanichoma. Nimejiwekea akiba: Desemba nzima, siku za utulivu, tunashona sare za saizi za kawaida, hasa za darasa la kwanza mpaka la tatu ambako vipimo havipishani sana, na ndizo ninazowauzia wanaochelewa. Asiyepata saizi yake namwelekeza kwa jirani ambaye najua bado ana nafasi. Wapo walioondoka kwa hasira na hawakurudi. Wapo waliokwenda kwingine wakarudi mwaka uliofuata, mwezi wa kumi na moja.

Mwishoni mwa mwaka 2023 mgao wa umeme ulinipima kweli. Umeme ulikatika mchana, ukarudi usiku, na mtaa mzima wa mafundi ukahamia usiku kuufuata. Ukipita saa tano usiku ulisikia cherehani zinalia kama mchana. Mafundi wangu wakaniuliza kama na sisi tutahama. Nilikataa, tukapanga kazi upya: umeme ukiwepo, watu wote kwenye mashine za umeme na ovaloki, ukikatika, kukata, kuweka vifungo, kushona pindo kwa mkono. Nilikuwa nimebakiza cherehani mbili za kukanyaga ambazo watu walinishauri niuze, zikawa mkombozi wetu. Pasi ya mkaa ikatoka stoo. Kazi ilipungua, sifichi, nami nikapunguza oda kwa kiasi hichohicho. Februari 2024 Bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kuzalisha umeme hali ikaanza kutulia, na sisi tulikuwa bado na afya ya kushona.

Kuna jambo jingine nililijifunza polepole, na linahusu sisi wanawake zaidi. Nilidhani nikimfungia fundi saa kumi na moja nimempa mapumziko. Kumbe nimemhamishia kwenye zamu ya pili: maji, jiko, kufua, mtoto wa kusaidiwa masomo, mgonjwa wa ukoo aliyeletwa mjini kwa matibabu. Ndugu zetu wanaume wakifika nyumbani wengi wanakaa. Sina uwezo wa kubadilisha nyumba za watu, ila saa zilizo chini ya paa langu naweza kuzilinda. Ndiyo maana tunaanza saa mbili na si saa moja, ili mama atoe watoto bila kukimbizana na daladala. Na ndiyo maana saa ya chakula haiguswi. Mama ntilie analeta wali maharage saa sita na nusu, tunakula, kisha mkeka unatandikwa nyuma ya meza ya kukatia na anayetaka kulala analala. Hapo mteja akiingia nampokea mimi kwa sauti ya chini. Wateja waliona ajabu mwanzoni, fundi analala mchana! Siku hizi wanaulizia, "Wameamka?" kabla hawajaingia. Kunoa mkasi hakuna anayekuita uvivu, na usingizi ule wa nusu saa naupa heshima hiyohiyo, kwa sababu nimeuona mshono wa saa tisa alasiri wa aliyelala na wa ambaye hakulala.

Macho nayo yana haki yake. Kutunga uzi na kuangalia ncha ya sindano kutwa nzima kunayachosha kwa kuyalazimisha kuona karibu tu. Kwetu bahati nzuri ukitoka barazani unaiona milima ya Uluguru, kwa hiyo kila ninapoona fundi anasogeza uso karibu na mashine, namtuma nje aangalie mbali kidogo, au aende dukani kufuata bobini hata kama bobini zipo.

Simu nilichelewa kuitambua kuwa ni kazi. Mafundi walikuwa nyumbani, lakini wateja wanatuma picha za mishono saa nne usiku na kuuliza, "Fundi upo?" Fundi anajibu, halafu akili yake inarudi ofisini na usingizi unakatika. Sasa namba ya wateja ni moja, ninakaa nayo mimi, na baada ya saa mbili usiku naizima. Ya dharura kwenye nguo bado sijaiona.

Idd ndiyo tunayovunja utaratibu. Mwezi hauna tarehe ya mkataba, unaandama leo au kesho, na mtu anataka kanzu ya mwanawe iwe tayari usiku ule. Siku za mwisho za Ramadhani tunakaa baada ya futari, wanaotaka tu, na kipande cha usiku nakilipa mara moja na nusu ya cha mchana. Mwisho saa nne usiku. Nguo za marinda hatuzigusi saa hizo, tunafanya kanzu na madera, mishono iliyonyooka. Idd ikishaswaliwa ofisi inafungwa mpaka kila mtu alipe usingizi wake, Wakristo na Waislamu pamoja, na kwenye daftari siku hizo zimeshakatwa mstari mapema kama vile ni oda.

Nilichobaki nacho ni wanafunzi wa ushonaji. Hawalipwi kwa kipande, wanajifunza, na kwa sababu hiyo ni rahisi kuwaachia kufagia na kufumua mpaka jioni huku mafundi wameondoka. Msimu huu nimeandika kwamba anayefumua ni yule aliyeshona, na mwanafunzi anatoka saa kumi na moja kama wengine. Sare za Januari tutapokea mpaka tarehe 15 Desemba, na karatasi yenye tarehe hiyo nimeshaibandika mlangoni.